Namna ya Kutuma Zawadi Ng'ambo Bila Mpokeaji Kutozwa Ushuru

Anayedaiwa ushuru wa zawadi iliyotoka ng'ambo kwa kawaida ni yule anayeipokea, wala si aliyeituma. Ndiyo maana watumaji wengi hulijua jambo hili wakiwa wamechelewa. Wamekwisha kulipia gharama za posta, wamepewa risiti na nambari ya kufuatilia mzigo, wamerudi nyumbani wakijua kazi imekwisha, kumbe wiki tatu baadaye ndugu au rafiki waliyemkusudia anapelekewa notisi ya kumtaka alipe kodi na ada kabla hajakabidhiwa kifurushi chake. Mimi mwenyewe niliwahi kumtumia rafiki zawadi ya siku ya kuzaliwa, na kwenye fomu ya forodha, mahali pa kueleza kilichomo, nikaandika neno moja tu, “zawadi”, nikiamini kwamba neno hilo linajitosheleza. Kifurushi kilizuiwa, kikafunguliwa, maafisa wakakikadiria thamani wao wenyewe, na rafiki yangu akalipa fedha ambazo, kwa sheria za nchi yake, hakupaswa kulipa hata senti moja.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuepuka gharama hizo kwa njia halali. Nchi nyingi zimeweka msamaha kwa ajili ya zawadi ndogo baina ya watu binafsi, na msamaha huo upo ili utumiwe; tatizo ni kwamba hupotea kwa sababu ya uzembe mdogo unaofanyika mezani, kabla boksi halijafungwa kwa gundi.

Kinachotozwa ni nini hasa

Watu husema “ushuru” kana kwamba ni kitu kimoja, lakini notisi anayopelekewa mpokeaji huweza kuwa na malipo ya aina tatu. La kwanza ni ushuru wa forodha wenyewe, ambao kiwango chake hutegemea aina ya bidhaa na nchi ilikotengenezwa. La pili ni kodi ya ongezeko la thamani, yaani VAT, au kodi nyingine inayofanana nayo, ambayo katika nchi nyingi huanza kutozwa kwenye thamani ndogo zaidi kuliko ushuru. La tatu ni ada ya posta au ya kampuni ya usafirishaji kwa kazi ya kuipitisha mizigo forodhani na kukusanya fedha kwa niaba ya serikali. Kwa pombe na tumbaku huongezeka pia ushuru wa bidhaa, ambao aghalabu ni mkubwa kuliko mengine yote.

Ada hiyo ya tatu ndiyo inayoudhi zaidi, kwa sababu mara nyingi ni ya kiwango kimoja bila kujali udogo wa kodi. Zawadi ya pauni 50 ikiingia Uingereza hutozwa VAT ya asilimia 20, yaani pauni 10 au zaidi kidogo gharama za posta zikijumlishwa, kisha msafirishaji huongeza ada yake juu. Kwa hiyo lengo lako lisiwe kupunguza kodi kutoka pauni 10 hadi pauni 8. Lengo ni kifurushi kisitozwe chochote, maana kikishatozwa hata kidogo, ada nayo huja.

Hatua ya kwanza: jua kiwango cha msamaha katika nchi kinakokwenda kifurushi

Kinachohesabika ni sheria ya nchi ya mpokeaji. Sheria ya nchi unakotumia haiamui ushuru wa kuingiza. Viwango vinatofautiana sana, na namna vinavyofanya kazi hutofautiana zaidi, kwa hiyo inafaa kuvitazama kwa makini.

Katika Umoja wa Ulaya, zawadi inayotumwa na mtu binafsi aliye nje ya Umoja kwa mtu binafsi aliye ndani haitozwi ushuru wala VAT ikiwa thamani yake haizidi euro 45. Yapo mambo mawili ambayo watu huyachanganya hapa. Wapo wanaokumbuka kwamba zamani vifurushi vya hadi euro 22 vilisamehewa VAT bila kujali ni zawadi au si zawadi; msamaha huo ulifutwa tarehe 1 Julai 2021. Wapo pia waliosikia habari za euro 150 wakadhani ndicho kiwango cha zawadi. Kiwango hicho kimehusu ushuru wa forodha wa bidhaa za thamani ndogo, wala hakikuwahi kumwondolea mtu VAT baada ya mabadiliko hayo ya 2021. Mwenye kutuma zawadi ashike euro 45.

Uingereza ina ngazi zake. Zawadi ya hadi pauni 39 haitozwi kitu. Ikizidi pauni 39 hutozwa VAT, na ikizidi pauni 135 huongezwa ushuru wa forodha. Nchini Marekani, msamaha mkubwa wa dola 800, ambao ulikuwa ukitumika tangu 2016 kwa karibu kila kifurushi, ulisitishwa kuanzia tarehe 29 Agosti 2025, lakini zawadi za kweli za hadi dola 100 baina ya watu binafsi ziliachwa na msamaha wake. Thamani inayotazamwa huko ni bei ya rejareja katika nchi zawadi inakotoka. Kanada husamehe zawadi ya hadi dola 60 za Kanada, Uswisi faranga 100, Norwe krona 1,000, na New Zealand dola 110 za nchi hiyo. Australia ni karimu zaidi, kwa kuwa mtu anayepelekewa kifurushi chenye thamani isiyozidi dola 1,000 za Australia hadaiwi kitu mpakani, ila kwa pombe na tumbaku. Viwango hivi hubadilishwa, wakati mwingine kwa tangazo la ghafla, kwa hiyo fungua tovuti ya mamlaka ya forodha ya nchi husika siku ile ile unayofungasha.

Sasa litazame swali ambalo ni wachache wanaoliuliza: zawadi ikizidi kiwango kwa kidogo, kodi hutozwa kwenye ile ziada au kwenye thamani yote? Kanada hutoza ziada tu. Zawadi ya dola 80 hulipiwa kodi kwenye zile dola 20 zilizozidi tu. Uingereza hutoza thamani yote, kwa hiyo kati ya pauni 39 na pauni 40 pana tofauti kubwa kuliko pauni moja. Umoja wa Ulaya una utaratibu wa tatu: kifurushi kikiwa na vitu kadhaa, vile vinavyotoshea ndani ya euro 45 husamehewa na vilivyobaki hutozwa, lakini kitu kimoja hakiwezi kugawanywa thamani yake. Fulana ya euro 40 na kofia ya euro 20 zikiwa pamoja, fulana husamehewa na kofia hulipiwa. Koti moja la euro 60, kwa upande mwingine, hutozwa lote. Mtumaji anayelijua hili hununua vitu viwili vidogo badala ya kimoja kikubwa.

Usisahau pia kiwango cha kubadilishia fedha. Maafisa hubadilisha thamani uliyoandika kwa kiwango chao rasmi, kwa hiyo kifurushi ulichokihesabu kuwa euro 44.80 huweza kuwa euro 45.30 kikifika. Acha nafasi, ukikomea kwenye tisa ya kumi ya kiwango, mabadiliko ya kawaida ya fedha hayatakuumiza.

Hatua ya pili: hakikisha ni zawadi kwa mujibu wa sheria

Kuandika “zawadi” hakukifanyi kitu kuwa zawadi. Masharti yanayojirudia katika nchi nyingi ni manne: kitu kitoke kwa mtu binafsi, kiende kwa mtu binafsi, kiwe cha matumizi yake au ya nyumba yake, na mpokeaji asiwe amekilipia kwa namna yoyote. Umoja wa Ulaya huongeza kwamba utumaji uwe wa mara mojamoja. Anayetuma vifurushi kumi vya simu kwa mwezi hatumi zawadi, anafanya biashara. Kanada hutaka pia kifurushi kiwe na kadi au alama inayoonyesha kwamba ni zawadi, na jambo hilo ni rahisi hata pale lisipotakiwa. Kadi ndogo ya pongezi yenye jina la mpokeaji, iliyowekwa juu kabisa ndani ya boksi, humsaidia afisa aliyelazimika kulifungua.

Sharti la mtu binafsi ndilo linalowaponza wanaonunua mtandaoni. Ukiingia kwenye duka la mtandaoni, ukalipa kwa kadi yako, kisha ukaweka anwani ya dada yako aliye nchi nyingine, mtumaji atakayeonekana kwenye nyaraka ni duka, si wewe. Kwa forodha za Umoja wa Ulaya na Uingereza, mzigo huo ni mauzo ya kawaida, na msamaha wa zawadi hauuhusu hata kama umelipia karatasi ya kupamba na kadi ya salamu. Dawa yake ni kuagiza kitu kije kwako kwanza, ukifungashe upya, ukitume kwa jina lako mwenyewe. Ipo dawa nyingine iliyo bora zaidi, na nashangaa kwa nini watu huiacha iwe ya mwisho: nunua kitu hicho katika duka lililo ndani ya nchi ya mpokeaji, likipeleke mlangoni kwake. Mzigo usiovuka mpaka haupiti forodhani, na kodi yake imo tayari kwenye bei uliyolipa. Ila hakikisha duka lina ghala ndani ya nchi hiyo, kwa kuwa tovuti nyingi zenye anwani ya nchi fulani husafirisha bidhaa zake kutoka nchi nyingine kabisa.

Vitu vilivyotumika navyo huuliziwa mara kwa mara. Kitu kuwa cha zamani hakukifanyi kiwe bila thamani. Thamani yake ni bei ambayo kingeuzwa kwa hali kilivyo. Koti ulilolivaa miaka mitatu liandike kama koti lililotumika, kwa bei ya mtumba, si kwa bei uliyolinunulia, wala usiandike sifuri. Sifuri ni tarakimu inayomfanya afisa afungue boksi.

Hatua ya tatu: chagua kitu kinachopita kwa urahisi

Kama bado hujanunua zawadi, hapa ndipo pa kuokoa fedha nyingi kuliko mahali pengine popote. Vitabu ni mfano mzuri. Mkataba wa Florence wa mwaka 1950, uliosimamiwa na UNESCO, ulizitaka nchi wanachama zisitoze ushuru wa forodha kwenye vitabu na vifaa vya elimu na utamaduni, na Itifaki ya Nairobi ya mwaka 1976 ikaupanua. Msamaha huo ni wa ushuru, si wa VAT, kwa hiyo kodi ya ndani huweza kubaki. Lakini Uingereza, kwa mfano, VAT ya vitabu vilivyochapishwa ni asilimia sifuri, na kwa hiyo kitabu kinachozidi pauni 39 bado hakina cha kutozwa.

Upande wa pili wapo wakorofi watatu: pombe, tumbaku na manukato. Marekani huviondoa vyote vitatu kwenye msamaha wa zawadi, isipokuwa manukato ya thamani isiyozidi dola 5. Kanada huondoa pombe na tumbaku. Umoja wa Ulaya huviruhusu kwa vipimo vidogo, kama sigara 50, au manukato gramu 50, au kinywaji kikali lita 1, na nchi wanachama zinaweza kupunguza zaidi. Zaidi ya hayo, manukato yana spiriti inayowaka moto, kwa hiyo posta nyingi huyakataa kwa sababu za usalama wa ndege hata kabla suala la ushuru halijafika. Betri za lithiamu zisizofungwa ndani ya kifaa zina tatizo hilo hilo.

Vyakula, mbegu, mimea na vitu vya mbao au majani makavu huongozwa na sheria za afya ya mimea na wanyama. Nyama na maziwa kutoka nje haviruhusiwi kuingia Umoja wa Ulaya kwa vifurushi vya watu binafsi, na Australia na New Zealand ni wakali kiasi cha kuzuia kifurushi kwa sababu ya nyasi kavu zilizotumika kuzuia vyombo visivunjike. Kinyago cha mbao kilichooshwa, kukaushwa na kupakwa vanishi kina nafuu. Chenye magome au matundu ya wadudu kitachomwa moto au kutibiwa kwa gharama ya mpokeaji. Tumia karatasi au plastiki ya mapovu kufungashia.

Hatua ya nne: panga vifurushi

Familia yenye watu wanne ina misamaha minne, ilimradi kila zawadi ina mwenyewe. Uingereza huruhusu zawadi za watu tofauti ndani ya boksi moja kusamehewa kila moja kwa kiwango chake, mradi kila moja iorodheshwe kwenye tamko kwa thamani yake. Marekani nayo huruhusu boksi la pamoja, lakini kila zawadi ifungwe peke yake na iandikwe jina la mtu wake. Ukiandika jina la baba peke yake juu ya boksi lenye zawadi za watoto wake wote bila kuzitenganisha ndani, unampa yeye zawadi zote, na thamani zinajumlishwa.

Kugawanya zawadi za mtu mmoja katika vifurushi kadhaa ni halali kama ni zawadi tofauti za nyakati tofauti. Kuchukua seti moja ya vyombo vya jikoni, kuigawa katika maboksi matatu na kuyatuma yote siku moja kwa anwani moja ni jambo jingine. Vifurushi hivyo hufika pamoja, huonekana pamoja na huhesabiwa pamoja. Zawadi ya siku ya kuzaliwa mwezi Machi na ya harusi mwezi Juni hazina shida yoyote.

Hatua ya tano: jaza tamko la forodha kama mtu anayejua litasomwa

Nitakaa hapa kidogo, maana ndipo vifurushi vingi vilivyostahili msamaha huupotezea. Fomu zinazotumika zimewekwa na Umoja wa Posta Duniani (UPU), ulioanzishwa mwaka 1874. Ile ndogo inayobandikwa kwenye bahasha na pakiti ni CN22, inayotumika kwa vitu vya thamani isiyozidi SDR 300; SDR ni kipimo cha hesabu cha Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF). Hiyo ni zaidi ya dola 400 za Marekani. Thamani ikizidi hapo, au kifurushi kikienda kama mzigo wa kawaida, hutumika CN23, ambayo ni ndefu zaidi na huwekwa kwenye mfuko wa plastiki unaobandikwa nje ya boksi. Siku hizi posta nyingi hutaka maelezo hayo yajazwe kwenye kompyuta na kutumwa mbele ya mzigo; Umoja wa Ulaya ulianza kuyadai kwa mizigo ya anga tarehe 15 Machi 2021 kupitia mfumo unaoitwa ICS2, na maelezo yaliyo mafupi mno hukataliwa na mfumo wenyewe kabla binadamu hajayaona.

Tuseme unamtumia rafiki aliye ndani ya Umoja wa Ulaya boksi lenye skafu, vitabu viwili na kichezeo cha mtoto wake. Tia alama kwenye kisanduku cha zawadi. Kisha, badala ya kuandika “nguo na vitu mbalimbali”, andika mistari mitatu, kwa Kiingereza, Kifaransa au lugha inayokubaliwa na nchi hiyo; hapa nimeiweka kwa Kiswahili ili ifuatike.

Skafu ya kike, pamba iliyofumwa, mpya, 1, kilo 0.18, euro 18, nambari 6214.90.
Vitabu vya hadithi vilivyochapishwa, 2, kilo 0.60, euro 12, nambari 4901.99.
Gari la kuchezea la mbao, lililopakwa rangi, 1, kilo 0.35, euro 11, nambari 9503.00.

Jumla ni euro 41. Tarakimu za mwisho wa kila mstari ni za mfumo wa HS wa Shirika la Forodha Duniani, lenye makao yake Brussels, ambao umetumika tangu 1988 kuainisha bidhaa kwa nambari sita zinazofanana duniani kote. Mara nyingi mtu binafsi halazimiki kuziandika, lakini ukiziandika, afisa hana haja ya kubahatisha kama gari hilo la mbao ni kichezeo au ni pambo. Tazama pia kwamba kila mstari unasema kitu ni nini, kimetengenezwa kwa nini, ni vingapi na vina thamani gani. Ukiandika thamani moja ya boksi zima, afisa hawezi kusamehe sehemu na kutoza sehemu, atatoza yote.

Weka nakala ya risiti kwenye ule mfuko wa plastiki wa nje kama unatumia CN23. Wapo wanaoona haya kumwonyesha mpokeaji bei, na ninawaelewa, lakini risiti iliyo nje humzuia afisa kukadiria kwa bei anayoiona mtandaoni, ambayo mara nyingi ni kubwa kuliko ile uliyonunulia wakati wa punguzo. Ondoa vibandiko vya bei kwenye vitu vyenyewe kama ni vya bei ya zamani kabla ya punguzo. Kibandiko kinachosema 60 ndani ya boksi lenye tamko la 40 kitaleta maswali ambayo hutakuwepo kuyajibu. Karatasi ya kupamba nayo isizidi. Boksi likifunguliwa, karatasi itachanwa, kwa hiyo mfuko wa zawadi unaofungika kwa utepe ni bora kuliko karatasi iliyogundishwa pande zote.

Halafu lile la kuandika thamani ya uongo. Mtu atakuambia uandike 10 mahali pa 90, kwamba kila mtu hufanya hivyo. Kwanza, tamko lina sahihi yako, na uongo wake ni kosa la forodha linaloweza kusababisha mzigo kutaifishwa. Pili, na hili ndilo wanaolishauri hawalisemi, kifurushi kikipotea njiani fidia hulipwa kwa thamani iliyotamkwa, na bima haiwezi kupanda juu yake. Aliyeandika 10 atalipwa 10. Tatu, thamani iliyo chini mno kwa kitu kinachojulikana, kama simu au viatu vya chapa maarufu, haimdanganyi mtu anayeona mamia ya vitu hivyo kila siku.

Hatua ya sita: chagua njia ya kutumia

Kwa zawadi ndogo iliyo ndani ya msamaha, posta ya kawaida aghalabu ni bora kuliko kampuni za usafirishaji wa haraka. Kwa posta, vifurushi huletwa kwa maafisa wa forodha wa nchi kwa wingi, na kilicho chini ya kiwango hupita. Kampuni za haraka huandaa wenyewe nyaraka za kuingiza kila mzigo, na baadhi yao hutoza ada ya kutanguliza malipo au ya uwakala ambayo huweza kuizidi kodi yenyewe. Tena baadhi ya mifumo yao imejengwa kwa ajili ya biashara, kwa hiyo uliza wazi, kabla ya kulipa, kama tamko lao lina mahali pa kuonyesha kwamba mzigo ni zawadi baina ya watu binafsi.

Zawadi ikiwa kubwa kupita msamaha na huna njia ya kuipunguza, kampuni hizo zina faida moja: unaweza kuchagua utaratibu unaofahamika kama DDP, ambapo mtumaji hulipa ushuru na kodi zote mapema. Gharama haiepukwi, ila inahama kutoka kwa mpokeaji kuja kwako, na kwa zawadi hilo ndilo jambo la heshima. Posta kadhaa zimeanza kutoa huduma hiyo kwa baadhi ya nchi.

Mjulishe mpokeaji kwamba mzigo unakuja, mtumie nambari ya kuufuatilia na picha ya fomu uliyojaza. Mwonye pia kuhusu ujumbe wa simu unaodai “lipa ada ndogo ya forodha kupitia kiungo hiki”. Matapeli huwapenda watu wanaosubiri vifurushi. Mwenye nambari halisi ya mzigo huiingiza mwenyewe kwenye tovuti ya posta, hafuati kiungo alicholetewa.

Kifurushi kikitozwa kimakosa

Hutokea, hata pale kila kitu kilipojazwa vizuri. Mpokeaji asikimbilie kukikataa kifurushi, kwa kuwa kilichokataliwa hurudishwa kwa gharama ya mtumaji au huharibiwa, na safari ya pili haina uhakika zaidi ya ile ya kwanza. Katika nchi nyingi njia ya haraka ni kulipa, kuchukua mzigo, kisha kudai marejesho. Nchini Uingereza dai la mzigo uliopita posta hufanywa kwa fomu ya BOR286. Nchini Kanada mpokeaji hupewa karatasi ya E14 inayoonyesha hesabu ya kodi, na hudai marejesho kwa fomu ya B2G. Kokote kule, ushahidi unaotakiwa ni ule ule: notisi ya malipo, picha ya tamko lililobandikwa kwenye boksi, risiti ya dukani, na barua fupi ya mtumaji inayosema kwamba kitu kilikuwa zawadi, ya tukio gani, na kwamba hakikulipiwa na mpokeaji.

Kwa sababu hiyo mpokeaji asikate wala kutupa upande wa boksi wenye vibandiko hadi atakapohakikisha kwamba hana cha kudai. Mtumaji naye apige picha mbili kabla ya kukabidhi mzigo dirishani, moja ya vitu vikiwa wazi mezani kando ya risiti zake, nyingine ya fomu ikiwa imebandikwa, na azihifadhi mpaka atakapoambiwa kwamba zawadi imefika na hakuna aliyedaiwa kitu.